Mwanafunzi mwenye usonji anavuruga darasa: msaidizi wa pembeni, kumtoa kwa vipindi au chati ya stika, ipi inalipa?

Mwl_Chaki (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili kwa utulivu maana najua hii mada ina hisia zake.

Nafundisha darasa la tatu, watoto ni wengi na niko peke yangu. Nina kijana wa miaka tisa ana usonji, cheti cha daktari kipo. Kichwa anacho, hesabu za kichwa anawaacha wenzie mbali sana, ila siku ikimkataa anarusha madaftari, anapiga kelele, anapiga meza kwa ngumi, na akishaanza basi hakuna anayesoma tena humo ndani. Uongozi umenipa njia tatu nichague moja nipeleke mapendekezo:

1. Apewe msaidizi wa kukaa naye pembeni muda wote
2. Vipindi vya kusoma na kuandika aende chumba cha elimu maalumu, hesabu na michezo anarudi kwetu
3. Abaki na mimi hivi hivi ila tumuwekee chati ya stika, zikifika idadi fulani anapata anachopenda

Mzazi anataka namba 1. Mwalimu mkuu anataka namba 3 kwa sababu haina gharama, na anasema hivyo bila kuficha. Mimi nimechoka tu jamani ila sitaki uchovu ndo unichagulie. Waliopitia semeni.

BintiTulivu

Namba 1 bila kupepesa macho. Mtoto wa dada yangu alikuwa hivyo hivyo, akawekewa mtu wa kukaa naye, kelele zikaisha.

Kigoda

Kelele kuisha ni jambo moja, kusoma ni jambo lingine. Mie nina mtindio wa ubongo, shule ya msingi nimesoma na msaidizi ubavuni muda wote, mama mpole, sina ubaya naye. Lakini wenzangu walikuwa wanamuuliza YEYE "anataka kucheza?" na mimi nimekaa pale pale nawasikia. Mwalimu naye kazi yangu anampa maelekezo yule mama, mimi nasubiri nitafsiriwe. Daftari langu lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote darasani kwa sababu nusu ya yaliyomo aliandika yeye.

Simaanishi msaidizi hafai. Namaanisha muulizeni anakuja kufanya nini hasa, maana "kukaa naye" sio kazi, ni ulinzi.

Mdau_wa_Ubao

Mkuu Kigoda anachosema kimefanyiwa utafiti. Uingereza kulikuwa na mradi mkubwa wa kuangalia wasaidizi wa walimu, 2003 mpaka 2008, wakakuta wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa msaidizi waliendelea KIDOGO kimasomo kuliko wenzao wanaofanana nao waliopata msaada mchache. Na walizingatia kwamba hao watoto walianza na hali gani, kwahiyo usiseme ni kwa vile walikuwa dhaifu toka mwanzo. Marekani, Michael Giangreco na wenzake mwaka 1997 walishaandika kitu cha namna hiyo, kwamba msaidizi akiganda kwa mtoto, mwalimu anaanza kujiona huyu sio mwanafunzi wake, wenzake wanakaa mbali, na mtoto anazoea kusubiri kuambiwa.

Sio kosa la wasaidizi lakini. Mara nyingi ndo mtu aliyepewa mafunzo machache kuliko wote shuleni halafu anakabidhiwa mtoto anayehitaji ufundi kuliko wote, hana muda wa kukaa na mwalimu kupanga somo, kinachobaki ni kuhakikisha kazi imejazwa kabla ya kengele.

MamaPacha

Naomba msimfanye huyo mzazi aonekane king'ang'anizi. Mnajua kwa nini wazazi tunashikilia msaidizi? Kwa sababu simu ikilia saa nne asubuhi unajua ni shule, njoo umchukue mwanao. Ukipigiwa hivyo mara kwa mara unaanza kuomba chochote kitakachomfanya abaki ndani ya geti. Na kuna watoto wanaokimbia, mlango ukiachwa wazi ameshafika barabarani, kwa huyo msaidizi sio anasa hata siku moja.

Namba 2 nimeiishi, wangu mmoja ni usonji mwingine hana. Yule anayetolewa alikuwa anarudi anakuta ubao umefutwa, wenzake wako ukurasa mwingine, hajui aanze wapi, analipuka, halafu wanasema "mnaona, darasa la kawaida halimfai". Kwenda na kurudi kwenyewe ndo ilikuwa shida. Kilichosaidia ni ratiba ya picha kwenye dawati lake, anaona kabisa sasa hivi ni nini na kinachofuata ni nini, na anaonyeshwa kabla ya kunyanyuliwa sio anavutwa mkono.

Nyundo

Nitatukanwa lakini naomba kuuliza, na wale wengine je? Mtoto mmoja anakula muda wa darasa zima, wengine wanaogopa kupigwa na madaftari. Shule maalumu zipo kwa ajili gani?

Mdau_wa_Ubao

Nyundo hakuna wa kukutukana, swali ni la haki. Azimio la Salamanca la 1994 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, vyote vinaelekea kwenye elimu jumuishi, yaani wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, ila hakuna palipoandikwa kwamba mtoto akae darasani bila msaada na wenzake wavumilie. Hiyo sio ujumuishi, ni kumtelekeza mtoto ndani ya chumba chenye watu.

Fundi_Darasa

Mwl_Chaki mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, kabla sijachagua namba yoyote nikuulize. Mara ya mwisho kurusha daftari, dakika moja au mbili kabla yake kulikuwa na nini? Umesema nini, wenzake walikuwa wanafanya nini? Na baada ya hapo yeye alipata nini? Usiniambie "alikuwa amekasirika", niambie kilichoonekana kwa macho.

Mwl_Chaki

Ngoja nikumbuke. Ilikuwa baada ya mapumziko, nikajaza ubao nikasema nakilini, wakaanza. Yeye akaandika mstari mmoja hivi, akaanza kutikisa mguu, akafuta, akaandika, akafuta mpaka karatasi ikatoboka, mara daftari hilo hewani. Nikamtoa nje akakaa kwenye ngazi. Kule ametulia kabisa, anahesabu matofali ya ukuta, kengele ikagonga akaingia kama hakuna kilichotokea.

Na sasa hivi nikiwaza, hata ile ya kabla ya hapo ilikuwa kipindi cha kunakili.

Fundi_Darasa

Basi hapo jibu lako linaanza kuonekana. Tabia ya namna hii karibu kila mara ina kazi inayomfanyia mtoto, ama anapata macho ya watu, ama anapata kitu anachotaka, ama anakwepa jambo linalomshinda, ama mwili wake unajituliza au unakimbia kelele, mwanga, harufu. Huyu wako kwa ulivyoeleza anakwepa kunakili. Na wewe bila kukusudia kila akirusha unampa ngazi, kimya, na ruhusa ya kutonakili. Sasa stika ya karatasi itashinda vipi ngazi? Ndo maana namba 3 ya mwalimu mkuu ikienda kama ilivyo itakufa mapema sana, na watasema mtoto kashindikana.

Ila usiniamini kwa matukio mawili. Chukua karatasi gawa safu tatu, KABLA, TABIA, BAADA, andika kila tukio kwa siku kadhaa, saa na somo pia. Andika na siku ambazo HAKURUSHA, hizo watu wanazisahau na zinasema mengi.

Kama karatasi itathibitisha ni kunakili, mambo mawili. Kwanza shughulikia kunakili kwenyewe. Kutazama ubao, kukumbuka, kushusha macho, kutafuta mstari, kuandika, kuna watoto hiyo ni kazi tano kwa mpigo, macho yapimwe na mkono uangaliwe. Mpe karatasi yenye maelezo tayari imeachwa mapengo ajaze maneno muhimu. Amejifunza lile lile. Kunakili sio somo.

Pili mfundishe njia nyingine ya kusema "nimeshindwa, nataka kupumzika". Kadi juu ya dawati, akiinyanyua anatoka dakika chache anarudi. Carr na Durand walionyesha jambo hili mwaka 1985, mtoto akipewa njia ya kuomba inayomletea kile kile alichokuwa anakipata kwa vurugu, vurugu zinapungua. Lakini siku za mwanzo kadi iheshimiwe KILA mara. Ukimwambia "subiri kwanza" na daftari halijawahi kusubiri, atarudi kwenye daftari.

Nyundo

Kwahiyo anapewa leseni ya kukwepa kazi? Kesho darasa zima litataka kadi.

Fundi_Darasa

Kazi inamngoja pale pale akirudi, ila imefupishwa. Kwanza sasa hivi anakwepa kipindi kizima na anachukua na cha wenzake, kadi itakula dakika tatu, hesabu hiyo we mwenyewe piga. Baadaye unaanza kumvuta taratibu, maliza mstari huu kwanza, halafu miwili. Na kuhusu wengine, wapo watakaojaribu, waache, wengi wanachoka maana nje hakuna chochote cha kufanya. Atakayeendelea kuiomba kila siku jua umempata mwanafunzi mwingine mwenye shida uliyekuwa humuoni.

Tahadhari moja. Ukiacha kumtoa kwa vurugu, tabia inaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka, anajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa inafanya kazi. Hapo ndo walimu wengi wanatupa taulo. Mpango uwe tayari wa nani anawasogeza wenzake, nani anabaki naye, na vitu vizito visiwe karibu. Kumpuuza mtoto anayejiumiza au anayeumiza wengine SIO mbinu.

BintiTulivu

Hapo kwa "uliyekuwa humuoni" pamenigusa. Mimi darasani kwetu nilikuwa naitwa mvivu, nakaa dirishani nawaza, sisumbui mtu, nimekuja kuambiwa ni ADHD, ile shida ya umakini na utulivu, nikiwa mtu mzima. Ile isiyo na kurukaruka hakuna anayeiona.

MamaPacha

Na masikio! Mtoto anaitwa mkaidi hafuati maelekezo kumbe hasikii vizuri upande mmoja na amekalishwa nyuma.

Mdau_wa_Ubao

Nirudi kwenye stika maana naona zinazikwa kabisa. Kuna utafiti wa 1973, Lepper na wenzake, watoto wadogo wanaopenda kuchora waliahidiwa tuzo ya kuchora, baadaye wakiachwa huru wakawa wanachora kidogo kuliko mwanzo. Watu wanautumia kusema zawadi zote mbaya. Lakini wale walikuwa wanapenda kuchora TAYARI. Kijana wetu hapendi kuandika, hakuna upendo wa kuua hapo. Kwahiyo stika weka kwenye kuandika na kwenye kutumia kadi, ila kwenye hesabu usiguse kabisa, hesabu anazipenda bure.

Na stika aliyoipata isinyang'anywe kwa kosa la mchana. Nimeona chati inabanduliwa mbele ya darasa, ile ni fimbo iliyopakwa rangi.

Nyundo

Sawa nimekaa kusoma. Je, zile za darasa zima, ile ya kugawa timu?

Mdau_wa_Ubao

Ile ya 1969, Barrish na wenzake, timu ikivunja kanuni inawekewa alama, timu zisizovuka kiwango zinashinda. Kwa kelele za darasa la kawaida ni nzuri sana na ni rahisi. Ila kwa huyu angalia, timu yake ikishindwa kwa ajili yake watamchukia mchana kweupe. Ukiicheza mpe lengo lake peke yake.

Kigoda

Kitu kimoja, hizi kadi na karatasi zote mnazompangia, ameulizwa? Ana miaka tisa na anahesabu kichwani. Mpe picha tatu nne za sehemu za kupumzikia achague mwenyewe. Mimi ningeulizwa ningesema yule mama akae na watoto wengine pia.

Mwl_Chaki

Wakuu mmenipa kazi lakini nashukuru. Navyoona sipeleki namba yoyote kati ya zile tatu kavu kavu. Naandika hivi: abaki darasani, karatasi za mapengo badala ya kunakili, kadi, stika za kadi na kuandika tu. Chumba cha elimu maalumu aende vipindi vichache vya mkono na uandishi, muda ambao wenzake hawaanzi mada mpya. Msaidizi akipatikana awe wa DARASA, azunguke, wakati mwingine yeye anaangalia wengi mimi nakaa na kijana. Naanza na ile karatasi ya safu tatu, kunakili hakuna mpaka nijue. Mzazi nitaongea naye kabla sijapeleka, nimweleze kwamba sio kumnyima.

Fundi_Darasa

Safi mwalimu. Sasa siku ukiumwa akaja mwalimu wa zamu asiyejua habari ya kadi?

Mwl_Chaki

Duh. Nitaandika ukurasa mmoja nibandike ndani ya kabati la chaki.

MamaPacha

Na nakala moja mpe mama yake. Nyumbani nako kuna kazi za kunakili.