Mjadala: Kiongeza cha chakula cha kuku na nguruwe kikishapitishwa Ulaya, kwetu kipite tu?

Wadau wa ufugaji, naleta swali hili kwa sababu naona linajibiwa haraka mno. Wapo wauzaji wa premiksi (unga wa viongeza, yaani vitu kama vitamini, madini na dawa vinavyochanganywa kwa kiasi kidogo kwenye chakula cha mifugo), na hata baadhi ya wataalamu wetu, wanaosema kuwa bidhaa ikishakaguliwa na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA), kuipima tena Dar es Salaam au Nairobi ni kutupa fedha na kumchelewesha mfugaji. Mimi nakubali nusu ya hoja hiyo. Nusu ya pili naipinga kwa nguvu zangu zote.

Ninachokubali ni hiki. Chini ya Kanuni ya Ulaya Na. 1831 ya mwaka 2003, anayetaka kuuza kiongeza ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa ni salama. Jopo la wanasayansi linamuuliza mambo manne: je, mnyama mwenyewe atadhurika? Je, mlaji wa nyama na mayai? Je, mfanyakazi anayeshika unga huo? Na mbolea ikifika shambani, udongo na maji vitapata nini? Wanyama wa majaribio hulishwa kiwango kilichozidishwa mara kadhaa ili ionekane madhara yanaanzia wapi. Vipimo vya sumu kwa panya ni ghali, na sioni sababu ya nchi zetu kuvirudia. Laisini na methionini, ambazo ni viini vinavyojenga protini, au kimeng'enya cha faitesi kinachomsaidia nguruwe kutumia fosforasi iliyofungwa kwenye nafaka na mashudu, hivi vinampunguzia mfugaji gharama, na chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya fedha zake. Visicheleweshwe.

Tatizo ni kwamba idhini ile haitolewi kwa unga peke yake. Hutolewa kwa unga wa kiwango fulani, kwa mnyama fulani, kwa muda fulani, ukiwa umechanganywa sawasawa. Ukiondoa masharti hayo, idhini yenyewe haipo tena.

Chukueni salinomaisini, dawa ya kuzuia koksidia, yaani kuhara damu, inayowekwa kwenye chakula cha kuku wa nyama. Kiwango cha kawaida ni takribani gramu 60 kwa tani nzima ya chakula. Kwa bidhaa yenye nguvu ya asilimia 12, hiyo ni gramu 500 za unga kwa tani, au gramu 50 kwa kilo 100. Kiwandani kuna mashine ya kuchanganyia na mizani. Nyumbani kuna sakafu ya saruji, koleo, pumba, mashudu, dagaa, na kijiko. Kuku mmoja anaweza kupata mara tatu ya kipimo na mwenzake asipate kitu, na dawa za kundi hili zina nafasi nyembamba kati ya kinachotibu na kinachoua. Bata mzinga hawaivumilii kabisa. Kuna ndugu yake, monensini: kwa kuku inahitajika takribani miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito ili iue nusu ya kundi, lakini kwa farasi ni miligramu 2 hadi 3 tu. Sasa fikirieni nyumba ngapi zina punda na banda la kuku kwenye uwanja mmoja, na mabaki ya chakula yanaishia wapi.

Halafu kuna tiamulini, antibayotiki inayotumika kwa magonjwa ya kifua ya kuku na kwa nguruwe. Ikikutana na salinomaisini au monensini mwilini, mnyama anaweza kupooza na kufa. Onyo hilo huandikwa kwenye mfuko wa asili. Lakini mfugaji wa kuku 100 hanunui mfuko wa asili. Anapimiwa robo kilo kwenye kimfuko kisicho na maandishi. Hapo tathmini ya Ulaya inamlinda vipi?

Swali la mfanyakazi nalo tunaliruka kila siku. Vimeng'enya vingi vinavyopitishwa huja na tahadhari kwamba vumbi lake linaweza kuamsha mzio wa mapafu. Kiwandani kuna barakoa na feni za kunyonya vumbi. Kwetu anayechanganya mara nyingi ni mama wa nyumbani au kijana wa kazi, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Huyu ndiye wa kwanza kupata madhara na wa mwisho kuulizwa.

Najua mtu atasema, "Basi Ulaya na Marekani wanatosha, sisi tuboreshe matumizi tu." Hapana, hata idhini za huko hubadilika. Roksasoni, kiongeza chenye aseniki, kiliruhusiwa kwa kuku Marekani tangu 1944. Mwaka 2011, baada ya wakaguzi kukuta aseniki ya aina hatari zaidi kwenye maini ya kuku waliolishwa dawa hiyo, mauzo yakasimamishwa. Ulaya ilifuta antibiotiki zote za kukuza wanyama tarehe 1 Januari 2006, na mwaka 2022 ikaondoa oksidi ya zinki ya dozi kubwa kwa vitoto vya nguruwe, ambayo ilikuwa inazuia kuhara vizuri tu. Iliondolewa kwa sababu ya kinachobaki kwenye udongo na kwa hofu ya vimelea kuwa sugu kwa dawa. China ilitumia kolistini, antibayotiki inayotumika pia kwa binadamu, kama kichocheo cha ukuaji hadi jeni ya usugu iitwayo mcr-1 ilipotangazwa mwaka 2015, na ilipofika 2017 ikaiondoa kwenye chakula cha mifugo. Anayetegemea idhini ya mwenzake lazima ajue siku inapofutwa. Nani kwetu anafuatilia na kwenda kuondoa mifuko ya zamani madukani?

Hofu ya walaji nayo inaelekezwa mahali pasipostahili. Kila siku nasoma kwamba kuku wa nyama "wanadungwa homoni". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwalisha chakula kilekile kuku wa ukoo wa mwaka 1957 na wa 2005. Katika siku 56 wa kwanza walifika gramu 905, wa pili gramu 4,202. Hiyo ni kazi ya uzalishaji wa mbegu. Wakati tunabishana kuhusu homoni, mwaka 2023 Uganda ilikiri bungeni kwamba dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinapewa nguruwe na kuku, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere ulikuta mabaki yake kwenye nyama iliyouzwa masoko ya Kampala na Lira. Hakuna jopo popote duniani lililopitisha jambo hilo. Lilifichuliwa na watu waliopima nyama yenyewe.

Ndiyo maana nataka fedha zetu ziende huko: kwenye hori, ini, figo na yai. Tanzania ina Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na ina maabara za TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari). Lakini dawa za mifugo ziko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), chakula cha binadamu kikahamia TBS (Shirika la Viwango) mwaka 2019, na chakula cha mifugo kiko wizarani. Dawa ya koksidia Ulaya huhesabiwa kiongeza, Marekani huhesabiwa dawa. Kwetu, ikikutwa kwenye yai, nani anaanza kazi?

Pendekezo langu: karatasi za Ulaya zikubaliwe kwa upande wa sumu, lakini bidhaa isiingie sokoni bila maelezo ya Kiswahili yenye kipimo cha kilo 50 na kilo 100, muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, na wanyama wasiopaswa kuigusa. Kupima mabaki kulipiwe na ada ya mwagizaji kwa kila kilo anayoingiza, na idhini iishe baada ya miaka 10 kama ilivyo Ulaya.

Wauzaji watasema ada hiyo itahamia kwa mfugaji. Huenda. Basi waweke hapa hesabu: inaongeza shilingi ngapi kwenye kiroba cha kilo 50? Na nyinyi wafugaji mnaopimiwa kwenye kimfuko, mara ya mwisho aliyekuuzia alikutajia muda wa kusubiri ni siku ngapi?