Stoo ya sabuni Arua: leo inafurika, kesho tupu. Kosa langu au la wateja?

MtunzaStoo_Arua:
Wakuu, natunza stoo ya sabuni za miche kwenye duka la jumla hapa Arua. Wateja wengi wanavuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo. Mzigo unatoka Kampala, wiki tatu tangu nitoe oda hadi nishushe lori. Mwezi wa tatu katoni zilijaa hadi koridoni, nyingine nikazibana chini ya ngazi, panya wakapata ikulu. Mwezi wa sita nikawa nawaonyesha wateja mbao tupu. Hajji, mwenye duka, anasema nasinzia kazini. Mimi nasema wateja hawatabiriki. Kijana mmoja wa chuo kaniambia nisome uhandisi wa mifumo. Nimetafuta, naletewa makombora ya Marekani. Mimi na makombora wapi na wapi?

FundiMstaafu_Jinja:
Mwanangu, uhandisi huo ulianzia kwenye simu. Jina hilo lilitumika maabara za Bell, kampuni ya simu ya Marekani, miaka ya 1940: nyaya, swichi, vikuza sauti, kila kimoja kizima peke yake, vikiunganishwa vinagombana. Makombora yalifuata.

Ila mtu wako wewe ni Jay Forrester. Alikuwa mtu wa kompyuta na mitambo ya kujirekebisha pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na mwaka 1956 akahamia shule yao ya menejimenti. Watu wa kampuni ya General Electric wakamweleza kuhusu viwanda vyao vya vyombo vya umeme vya nyumbani, kule Kentucky: kuna kipindi wanafanya kazi shifti tatu au nne, baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi wanarudishwa nyumbani. Wao waliulaumu uchumi. Forrester akachukua daftari na kalamu, akachora safu za oda, akiba na wafanyakazi, akafuata kanuni zao wenyewe wiki kwa wiki. Hata oda zikitulia, ajira ilipanda na kushuka. Wimbi lilitoka ndani ya kiwanda.

Mimi sikushangaa. Nimekaa na mitambo ya umeme wa maji miaka mingi. Govana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa mashine, ikisahihisha kwa pupa, mashine inayumba, na unaisikia kwa masikio kabla geji haijakuonyesha.

Sasa chukua daftari lako. Tuseme unauza katoni 100 kwa wiki, unataka akiba ya 300, na mauzo yanapanda hadi 120, yanabaki hapo hapo. Kila wiki unaagiza 120 pamoja na pengo unaloliona stoo. Wiki ya kwanza unaagiza 140, ya pili 160, ya tatu 180, kwa sababu hakuna nyongeza hata moja iliyofika. Wiki ya saba una katoni 400. Unashtuka, unaagiza 20. Wiki ya 12 umebaki na 100. Wateja ni wale wale 120 tangu mwanzo!

Tiba ni kuhesabu na zilizo njiani. Lengo liwe stoo 300 na barabarani 360 (120 kwa wiki tatu), jumla 660. Wiki ya kwanza una 280 stoo na 200 njiani, basi agiza 180, kisha 120 kila wiki. Wiki ya nne stoo inarudi 300 na inatulia.

MamaJumla_Busia:
Mzee, hesabu nimeipenda, lakini wateja wa mpakani hawakai 120. Faranga ikianguka Kongo, hakuna anayevuka. Na bei ikinong'onwa kupanda, mtu mmoja anabeba stoo nzima.

FundiMstaafu_Jinja:
Kweli, dada. Mawimbi ya nje yapo. Mimi napigana na lile analojitengenezea mwenyewe, maana hilo halihitaji ruhusa ya benki ya Kongo.

MtunzaStoo_Arua:
Nimerudi. Jana nimechora safu mpya pembeni, nikaiita NJIANI. Nimefukua risiti za oda kwenye kopo la biskuti: katoni 410 zimelipiwa bado hazijafika, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeshika simu kuagiza 200 nyingine. Nimemwonyesha Hajji. Amevaa miwani, ameangalia muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa hizi nitazihesabu vipi na sijaziona?" Nikamwambia pesa zake mbona amezihesabu zilivyotoka. Akacheka. Simu nikairudisha mfukoni.