Mtihani wa Jiografia: tunapima jiografia au tunapima Kiingereza?

MWANZISHA MJADALA, mwalimu wa Jiografia, Korogwe

Nafundisha kidato cha tatu na cha nne katika shule ambayo ukisimama mlangoni pa darasa unaiona Milima ya Usambara ikiinuka ghafla kutoka bondeni. Wiki iliyopita kidato cha nne walifanya mtihani wa utamilifu. Karatasi ya Jiografia ilikuwa ngumu, sikatai. Walipotoka walinikuta chini ya mwembe, maswali mkononi, wakaanza kulinganisha majibu kama ilivyo kawaida yao. Niliyoyasikia pale ndiyo yaliyonifanya nilete hoja hii.

Walianza na swali la saa. Mahali palipo nyuzi 45 mashariki ni saa mbili asubuhi, je, palipo nyuzi 30 magharibi ni saa ngapi? Mmoja akasema saa saba mchana. Mwenzake akamkatiza: "Unaelekea magharibi, jua halijafika kule, unatoa huongezi! Nyuzi 75 gawa kwa 15 ni saa tano. Rudisha saa tano, unapata saa tisa usiku." Sawasawa kabisa. Nikamuuliza yeye aliandika nini kwenye karatasi. Aliandika 9, kisha akaweka zile herufi za Kiingereza za usiku. Hesabu aliifanya kichwani kwa saa yetu, akaipata, halafu akashindwa kuivusha kwenda saa ya Kizungu, ambayo hapo ni 3 alfajiri. Alama amekosa.

Likaja Ziwa Victoria. Wengi waliandika kuwa ni ziwa la bonde la ufa, kwa kuwa hulisikia likitajwa pamoja na Tanganyika na Nyasa. Binti mmoja, ambaye darasani huwa kimya, akawapinga wote. Alisema Tanganyika ni refu, jembamba, na kina chake kinafika mita 1,470 kwa sababu limekaa ndani ya ufa wenyewe. Victoria ni pana kama sinia, kina chake mita 80 na kidogo tu, kwa sababu ardhi iliyo kati ya mikono miwili ya bonde la ufa ilibonyea na maji yakajaa. Sijawahi kulieleza vizuri hivyo mimi mwenyewe. Swali hilo aliliruka. Hakulijua neno la Kiingereza la "kubonyea".

Lililoniumiza zaidi ni swali la Usambara. Lilitaka sababu za kutokea kwa milima ya aina hiyo, na lilianza na neno "account", ambalo wanafunzi wangu wanalijua kwa akaunti za benki tu. Kijana mmoja aliandika mistari mitatu kuhusu faida za milima kiuchumi. Pale chini ya mwembe, wenzake walipomwambia swali lilikuwa linataka nini, akachukua madaftari matatu, akayabana pamoja wima, akayaachia ya pembeni yakashuka. "Si hivi? Ardhi inapasuka nyufa mbili, pande zinazama, la katikati linabaki juu." Kisha akanyoosha mkono kuelekea Usambara: "Ndiyo ile pale."

Sasa hoja yangu. Napendekeza karatasi ya Jiografia ya kidato cha nne ichapwe kwa lugha mbili, kila swali kwa Kiingereza na chini yake kwa Kiswahili, na mtahiniwa ajibu kwa lugha anayoitaka. Sisemi Kiingereza kifutwe. Mtoto huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za serikali tangu 1967. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, haikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaandika kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na bado Jiografia ya sekondari tunaipima kwa Kiingereza. Baraza la Mitihani lenyewe hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na humo sababu mbili hurudi tena na tena: kutoelewa matakwa ya swali, na udhaifu wa lugha ya Kiingereza. Tunalijua tatizo kwa maandishi. Anayepinga namkaribisha, ila anieleze tumfanye nini kijana wa madaftari matatu.

MZAZI, Dar es Salaam

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa kazi. Napinga. Wenye fedha wanawapeleka watoto wao shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na hakuna hata mmoja wao atakayechagua Kiswahili kwenye hiyo karatasi yako. Watakaochagua ni watoto wetu wa shule za kata. Wakifika kidato cha tano na chuo, vitabu ni vya Kiingereza, mihadhara ni ya Kiingereza, watakaa nyuma na kuandika wasichokielewa. Umemsaidia siku moja ya mtihani, miaka mitano inayofuata umemwacha peke yake. Mimi mwanangu wa kidato cha pili namtaka ahangaike sasa hivi, akiwa bado na muda. Fundisheni Kiingereza vizuri, basi.

MWALIMU, Shinyanga

Ndugu yangu wa Korogwe, umegusa kweli, lakini umeacha kubwa zaidi. Kwenye mtihani wetu kulikuwa na swali la mwinamo, yaani ukali wa mteremko. Kontua (mstari wa ramani unaounga sehemu zenye kimo sawa) ya mita 1,240 na ya mita 1,120, umbali kwenye ramani sentimita 6, skeli 1:50,000. Hapo hakuna kimombo cha kumfunga mtu. Tofauti ya kimo ni mita 120. Sentimita 6 ni kilomita 3 ardhini, yaani mita 3,000. Jibu ni 1 kwa 25. Wangu wengi waligawanya 3 kwa 120 bila kugeuza kilomita kuwa mita, wakapata desimali isiyo na maana, wakaendelea.

Kwa nini? Kwa sababu hawajawahi kuishika ramani. Tuna nakala moja ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, kwa darasa zima. Kwenye ramani halisi kontua ni kahawia na mto ni bluu. Kwenye yangu vyote ni mistari ya kijivu. Nimeona mwanafunzi akipima mwinamo kwa kufuata mto akidhani ni kontua, na sikuwa na uso wa kumlaumu. Chapa karatasi kwa Kiswahili, Kisukuma, lugha yoyote uitakayo, huyo atakosa tu. Fedha ya kutafsiri mitihani ninunulie ramani ishirini za rangi.

NILIYEMALIZA SHULE YA KATA, sasa nipo chuo, Dodoma

Naomba nijibu kwa Mzazi, kwa heshima. Kuhangaika unakokusema nimekupitia. Hakukunifundisha Kiingereza, kulinifundisha kukariri. Nilikuwa na insha ya mmomonyoko wa udongo kichwani, neno kwa neno, kutoka karatasi za miaka ya nyuma. Siku ya mtihani swali likataka athari, mimi insha yangu ilikuwa ya sababu. Niliona tofauti? Sikuiona. Niliona "udongo" nikaimwaga yote. Nilifaulu somo lile kwa bahati ya maswali mengine.

Kiingereza nilikuja kukijua chuoni, kwa kusoma vitu nilivyokwisha kuvielewa. Vile nisivyovielewa havikunipa hata sentensi moja ya kukumbuka.

MCHANGIAJI, Mombasa

Kwetu Kenya Kiingereza ndicho kinachofundishiwa kuanzia darasa la nne, na watoto wa pwani wakitoka chumba cha mtihani bado walinganisha majibu kwa Kiswahili. Na kukariri pia kupo, tena sana. Kwa hivyo mimi siamini kwamba kuanza Kiingereza mapema ndiyo dawa. Lakini swali moja kwa mwalimu: hizo istilahi zenu walimu wote wazijua? Mmoja akisema kontua na mwingine mstari wa kimo, msahihishaji atafuata lipi?

MZAZI, Dar es Salaam

Hapo ndipo ninaposimama. Mombasa amesema kweli. Lugha ya mtihani lazima iwe imekwisha kukaa madarasani kwanza. Huwezi kuileta siku ya karatasi.

MWANZISHA MJADALA

Nawashukuru. Shinyanga, umenibana na nakubali: swali la mwinamo lugha hailiokoi, na hata wangu walilikosa. Sitaki ramani zishindane na tafsiri, nataka vyote, ila ukiniambia nichague kimoja kesho asubuhi nitachukua ramani.

Mombasa, istilahi ni kazi, lakini haianzii sifuri. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Na kwa mtaala mpya kidato cha kwanza wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na hakuna aliyezuiwa na istilahi. Na kwa mtaala huohuo, watoto wa msingi wanasoma Jiografia na Mazingira kwa Kiswahili. Mzazi, hapo umesema lugha ikae madarasani kwanza. Imekaa, mzazi wangu. Ingia darasa lolote la kata uketi nyuma: ubaoni Kiingereza, mdomoni mwa mwalimu Kiswahili, kwa sababu bila hicho hakuna anayeelewa. Mtihani ndio pekee unaojifanya hatukufundisha hivyo.

Hofu yako kuhusu watoto wa wenye fedha siipuuzi. Inanisumbua, na sina jibu kamili. Ninachokijua ni kwamba tofauti hiyo ipo leo, karatasi ikiwa ya Kiingereza, na wanaofeli ni haohao wa kata.

Jana nilifanya jambo. Nilimpa yule kijana wa madaftari swali lile la Usambara, nikamwambia aandike kwa Kiswahili. Alijaza ukurasa mmoja na nusu. Nyufa, kuzama kwa pande, miamba migumu iliyobaki juu, hata kwamba upande wa Lushoto hupata mvua na kule nyuma ya milima ni kukavu kwa sababu upepo umekwisha kumwaga maji yake milimani. Lakini pia aliandika kuwa ardhi ilipasuka kwa tetemeko moja, usiku mmoja, watu wakaamka milima ipo. Tangu kidato cha tatu namfundisha na sikujua kuwa ndivyo anavyofikiri. Kwenye ile mistari yake mitatu ya Kiingereza kosa hilo lisingeonekana. Kesho kipindi cha kwanza ni changu, naanzia hapo: mamilioni ya miaka.