Risoto ya mchaichai inanikatalia, krimu inakatika kila nikijaribu, naombeni msaada kabla ya Jumamosi

Mwiko_Mrefu
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisaidie bila matusi maana nimechoka na kichwa kinaniuma. Jumamosi nina wageni wanne, nataka kuwapikia risoto ya mchaichai, ile laini yenye krimu ambayo ukiimwaga kwenye sahani inatandaa yenyewe. Tangu Jumapili nimejaribu mara tano na mara zote tano imenikatalia. Nachemsha supu ya kuku, nakaanga kitunguu kwa siagi, naweka mchele, namwagia supu upawa kwa upawa huku nakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, mwisho naweka krimu na mchaichai nilioutwanga. Mchele unakaa kivyake, maji yanakaa kivyake, na juu yanaelea madonge madogo meupe kama maziwa yaliyoharibika. Mimi nahisi mchaichai ndio unaokata krimu kwa sababu ya ule ukali wake wa limau. Swali langu ni moja tu, nifanyeje krimu isikatike? Kubadilisha chakula siwezi, muda umeshaenda. Halafu iive ndani ya dakika 40, isizidi hapo.

Sufuria_Nzito
Dada, mimi naanza na hiyo krimu yenyewe. Risoto ya kwao, kaskazini mwa Italia, haiwekwi krimu. Ule ulaini unatoka kwenye wanga wa mchele, unasuguka kidogo kidogo unapokoroga na kuingia kwenye supu. Ukishaiva unaepua, unatia siagi ya baridi iliyokatwa vipande na jibini kavu iliyokunwa, unakoroga kwa nguvu kama dakika moja hivi. Wenyewe wanaita mantecatura. Wanga, mafuta na maji vinashikana, inakuwa nzito inang'aa. Ondoa krimu na tatizo lako limekwisha.

Mwiko_Mrefu
Asante kaka ila sikuuliza kama krimu iwepo au isiwepo. Iwepo. Nimeshaiandika kwenye menyu.

MamaTwins
Pole mdogo wangu, umenikumbusha mbali. Mimi risoto yangu ya kwanza nilikuwa naongea na simu huku nakoroga, dada yangu ananipa habari za mtu aliyemkopesha hela akahama nyumba usiku, na unajua habari kama hizo huwezi kumkatisha mtu. Nilipoweka simu chini mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria. Nililoweka siku mbili ndio ikabanduka. Tangu siku hiyo nikipika kitu cha kukoroga simu inakaa chumbani. Dada yangu hela hakupata mpaka leo.

Kaka_Upawa
Mleta mada umeeleza kila kitu isipokuwa kimoja. Mchele gani?

Mwiko_Mrefu
Mchele mzuri tu, wa kawaida, msafi hauna hata jiwe. Tatizo sio mchele, ni krimu.

Kaka_Upawa
Nauliza tena. Mrefu mwembamba au mfupi mnene? Na uliuosha?

Mwiko_Mrefu
Ni mrefu, ule wenye harufu nzuri. Nimeuosha ndio, maji matatu mpaka yakawa meupe kabisa unaona chini ya bakuli. Siwezi kupika mchele sijauosha, sikulelewa hivyo. Na nimeshanunua kilo tano kwa hiyo tafadhali tusianze habari za kwenda kununua mwingine, nataka njia ya kufanya na huu huu nilionao.

Kaka_Upawa
Basi hapo ndipo ulipokwama. Yale maji uliyoyamwaga mara tatu ndiyo uliyokuwa unayatafuta. Unga unga ule ulioko juu ya chembe ni wanga, ukiuosha umemwaga nusu ya ulaini kwenye sinki. Halafu mchele mrefu wenye harufu una wanga mwingi wa aina inayofanya chembe zisigandane, ndiyo maana watu wanaupenda, kila chembe inajitegemea. Kwa risoto unataka kinyume chake: chembe fupi nene inayotoa ute nje na kubaki na kiini kigumu kidogo katikati. Arborio ndio unaopatikana kirahisi zaidi, umepewa jina la mji wa Arborio kule Piemonte, Italia. Carnaroli unavumilia zaidi, hata ukipitiliza dakika moja hauvurugiki. Vialone Nano ni mdogo na unakunywa supu nyingi. Ukikosa yote, chukua mchele wowote mfupi mnene na usiuoshe. Huo mrefu koroga mpaka kesho, utapata wali uliovunjika ndani ya supu.

Bi_Kibao
Na hiyo kilo tano haiozi. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko utaila taratibu. Watu tunang'ang'ania kosa kwa sababu tumeshalilipia.

Sufuria_Nzito
Tukubaliane na mchele, sasa hayo madonge. Mchaichai unausingizia. Ukali wake ni wa harufu tu, hauna uchachu wa kukata maziwa. Sehemu kubwa ya mafuta yake ya harufu ni kitu kinaitwa sitrali, na sitrali ipo pia kwenye ganda la limau, ndiyo maana pua inadanganyika inadhani kuna ndimu. Ningekuwa wewe ningejiangalia vizuri, uliweka kitu gani kingine?

Mwiko_Mrefu
Niliweka maji ya ndimu vijiko viwili vya chakula kwa sababu mchaichai ulikuwa hausikiki. Vijiko viwili tu jamani. Na krimu ilikuwa ile nyepesi ya kupunguza mafuta.

Sufuria_Nzito
Umejijibu mwenyewe. Krimu nyepesi, ndimu, na sufuria ikiwa bado inachemka. Vitatu hivyo vikikutana lazima ikatike. Kama krimu ni lazima basi iwe nzito, ile yenye mafuta asilimia 35 kwenda juu, vijiko vitatu vinne vinatosha, uitie umeshaepua. Ndimu iwe matone machache mwisho kabisa au kuna tu ganda lake la juu.

Na mchaichai kuutwanga na kuumwaga ndani ya mchele hapana. Zile nyuzi hazilainiki hata uchemshe siku nzima, mgeni atazitoa mdomoni moja moja mbele yako. Chukua mashina matatu, kata ile sehemu nene ya chini kama sentimita kumi, menya magamba mawili matatu ya nje, uipige kwa mgongo wa kisu mpaka ipasuke na usikie harufu imejaa meza. Tia kwenye supu ya moto, funika, zima moto, iache dakika 20. Kisha chuja, rudisha kwenye moto mdogo. Ukichemsha muda mrefu bila mfuniko harufu inaondoka na mvuke, inabaki ladha ya majani majani. Ukitaka isikike zaidi, shina moja lingine lilowekwe kwenye hiyo krimu ya moto kidogo, pembeni. Mafuta yanashika ile harufu kuliko maji.

Mwiko_Mrefu
Dakika 20 za kuloweka halafu za kupika, 40 zitaisha! Hapo ndipo naposhikwa na presha.

Bi_Kibao
Samahani dada, mgeni gani anakuja nyumbani kwako na saa mkononi kukupimia dakika 40? Na menyu ya kuandika kwa watu wanne?

MamaTwins
Hata mimi nimejiuliza. Mdogo wangu ni mkweo? Sema tu, hapa tuko ndugu.

Mwiko_Mrefu
Sawa. Sio wageni. Ni jaribio la kazi, nimeitwa sehemu moja sitaitaja, nafasi ya mpishi. Unaingia jikoni kwao na viungo vyako, una dakika 40, unatoa sahani nne za chakula ulichokiandika mwenyewe, wanakaa wanne wanaonja. Mimi kwenye CV niliandika naimudu risoto. Na nikaongeza ya mchaichai na krimu ili iwe tofauti na za wengine. Sikudanganya kabisa kabisa, nimefanya kazi jikoni miaka miwili na risoto nimeikoroga sana kwa mikono yangu. Ila kuipika tangu mwanzo mpaka mwisho peke yangu, hapana. Nilikuwa na aibu kusema.

Babu_Chumvi
Binti, jiko halina siri. Utaandika unavyotaka lakini sufuria itakusema. Ungewapigia ukawaambia ukweli, badilisha chakula upike kile unachokijua usiku na mchana. Kazi inayoanza kwa uongo, kila siku unaamka nayo kifuani.

Mwiko_Mrefu
Babu shikamoo. Nimekusikia. Ila nikibadilisha sasa hivi wataniuliza kwa nini, na jina la chakula ndilo lililofanya niitwe. Nimeshaamua, nakwenda na risoto.

Mpekuzi_Kimya
Nimesoma kimya kuanzia juu na naona tunanyweshwa chai, tena ya mchaichai. Uzi ulianza na wageni wanne, sasa ni jaribio la kazi. Mtu aliyekaa jikoni miaka miwili na kuikoroga risoto "sana" hajui kwamba mchele wake hauoshwi na ni mfupi? Picha hata moja ya hayo majaribio matano haipo. Wakuu msipoteze muda, kesho atatuambia jaribio ni la televisheni.

Kaka_Upawa
Hapo kwenye mchele hata mimi nimekwama kidogo.

Bi_Kibao
Mimi chai sinywi. Aeleze.

Mwiko_Mrefu
Nimesoma nikalia, halafu nikaosha uso nimerudi. Picha sina kwa sababu kila ilipoharibika niliimwaga haraka nisiione. Naeleza ilivyokuwa. Kule nilikokuwa, mchele nilikuwa naukuta kwenye trei, umeshapikwa nusu asubuhi na mtu mwingine, umetandazwa mwembamba umepoa, unang'aa siagi na chembe zimevimba vimba, sikuwahi kuuona mbichi wala gunia lake. Kazi yangu ni kuchota bakuli moja kwa kila oda, kumwagia supu, kukoroga dakika kama saba. Zikibaki dakika mbili shefu ananipokonya sufuria, anageuka nayo upande wa dirisha la kutolea chakula, ananipa mgongo. Nasikia tu sufuria inagonga gonga jiko. Akigeuka sahani imeshajaa. Miaka miwili hizo dakika mbili sikuziona hata siku moja. Kwa hiyo mkisema sijui, ni kweli sijui, ila sijatunga.

Sufuria_Nzito
Mpekuzi, mimi huyu namwamini. Trei ile ipo kweli. Migahawa mingi inapika risoto nusu, dakika nane au kumi, wanautandaza upoe haraka, wanauweka kwenye friji, oda ikija wanaumalizia. Kuupoza haraka ni lazima kwa sababu kuna bakteria wa kwenye wali, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu masaa zinaamka. Mtu wa kutunga asingekumbuka trei inang'aa siagi. Na huko kugonga gonga alikokuwa anakusikia ndiyo mantecatura yenyewe, anairusha sufuria mbele nyuma ili hewa na siagi viingie. Dada, ulipokonywa somo lenyewe.

Mpekuzi_Kimya
Sawa, kwenye trei nimeelewa. Naondoa neno langu. Samahani dada.

Kaka_Upawa
Tufanye hesabu ya dakika basi. Watu wanne ni gramu 320 za mchele, supu lita moja na robo iwepo moto hata kama haitaisha. Dakika ya 0 piga mchaichai, tia kwenye supu inayochemka, funika, zima. Wakati unaloweka kata kitunguu kidogo sana, kuna jibini, kata siagi gramu 60 irudi kwenye baridi. Dakika ya 15 kaanga kitunguu moto mdogo kisigeuke rangi. Ya 19 tia mchele mkavu, ugeuze mpaka ukiushika chembe ni ya moto, kama dakika mbili. Ya 21 chuja supu na uanze kumwagia. Mchele wenyewe ni dakika 16 mpaka 18, kwa hiyo ya 38 unaepua. Ni finyu, ila inawezekana. Ukiona jasho linakutoka punguza kuloweka iwe dakika 15, ongeza shina moja la mchaichai. Divai nyeupe ukikosa acha, kazi yake ni kuleta uchachu na matone ya ndimu mwishoni yanaitosha. Na sio lazima ukoroge kama unasukuma mkokoteni, koroga mara kwa mara chini isishike.

Babu_Chumvi
Kama ameamua basi apike mara tatu kabla ya Jumamosi, na saa iwe mezani.

Mwiko_Mrefu
Nimerudi. Nimepata Arborio pakiti mbili, sijauosha, roho iliniuma lakini sijauosha. Jaribio la sita: mchele wenyewe umeiva kwa dakika 17. Nimeepua, siagi ya baridi, jibini, vijiko vitatu vya krimu nzito niliyolowekea mchaichai, nikarusha sufuria kama nilivyokuwa nasikia kule. Nilipoinamisha imekwenda yote kwa pamoja kama wimbi, ikarudi. Hakuna donge hata moja. Mchaichai unausikia mwisho, ukishameza. Nimekaa chini jikoni nikaila yote kwenye mwiko. Ila jumla imechukua dakika 43. Na nilipoipakua kwenye sahani baada ya dakika mbili ikawa nzito, haitandai tena.

Sufuria_Nzito
Dakika tatu utazipata kwenye kitunguu, mikono itazoea. Kuhusu kukaza, iepue ikiwa majimaji kidogo kuliko unavyotaka, inaendelea kunywa supu hata ukishaizima. Bakisha nusu upawa wa supu ya moto pembeni. Na sahani ulizipakulia zilikuwa za baridi?

Mwiko_Mrefu
Zilitoka kabatini.

Sufuria_Nzito
Zipashe. Sahani ya baridi inaikaza mara moja.

Bi_Kibao
Na uombe kabisa kwao uzipashe kabla saa haijaanza, sio baada.

Mwiko_Mrefu
Nimeziweka kwenye oveni sasa hivi moto mdogo. Mashina manne nimeshayapiga, jiko zima linanukia. Naanza la saba, saa iko mezani Babu.