Laptop kutoka Kampala, pale Mutukula ushuru ni shilingi ngapi? Naombeni ushauri

Kijana_wa_Mkolani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, napiga video za harusi na kuzihariri mwenyewe. Kompyuta yangu imechoka, ukiiwekea video ya dakika kumi inanguruma kama mashine ya kusaga. Nimepata MacBook Pro ya inchi 14, M1 Pro, ram 16, iliyotumika, ipo Kampala, milioni 1.8 ya Uganda. Swali langu ni moja tu: ushuru wa laptop moja pale Mutukula ni shilingi ngapi, na nikiitoa kwenye boksi nikaibeba begani kama yangu ya siku zote, wataniacha? Nina harusi tarehe 20. Matusi hapana.

Ngosha_Mpole
Njoo nikuuzie HP yangu, ina chaja na begi. Haijawahi kuvuka hata mto Simiyu.

Mama_Vitenge
Mwanangu, mimi nimepita Mutukula nikifuata vitenge hadi magoti yakakataa. Beba hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano. Hilo la kuibeba begani liache. Yule kijana wa forodha akikuambia "iwashe", utaweka nywila gani wakati hata hujaizoea? Uongo wa mpakani unakutoa jasho hata kukiwa na baridi ya Bukoba. Lipa kinacholipwa, ulale.

Jirani_Kirumba
Ushuru wa nini tena? Si tupo Jumuiya moja?

Fundi_Makoroboi
@Jirani_Kirumba kile cheti rahisi cha mpakani, cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha mali iliyozalishwa humu ndani ya Jumuiya. Maharage, dagaa, ndizi. MacBook hailimwi Masaka.
Ila mleta mada una bahati, ushuru wa forodha wa laptop kwa jedwali la Jumuiya ni 0%, popote ilikotoka. Kodi nyingine watazipiga kwa thamani yake, kwa hiyo nenda na risiti yenye namba ya mashine. Hilo limeisha. Mimi kinachonisumbua ni bei. M1 Pro kwa hela hiyo? Umeiona ikiwaka? Weka picha.

Kijana_wa_Mkolani
Nimeiona kwa macho yangu mkuu. Nimerudi juzi tu, tena kivuko cha Kigongo kimenipotezea saa nzima. Picha hizo hapo nne. Safi kabisa, haina hata mkwaruzo.

Fundi_Makoroboi
Mkwaruzo upo. Picha ya tatu, ile iliyolazwa kifudifudi kwenye kitambaa cha meza, ikuze hapo karibu na bawaba. Kuna mstatili umekwanguliwa kwa wembe, gundi bado inang'aa, na kwenye kona vimebaki vistari vitatu vyeusi. Hiyo ilikuwa stika ya mali ya ofisi. Funguka kaka, ikiwaka inasemaje?

Kijana_wa_Mkolani
Aah, hiyo. Kuna kiujumbe kinatokea juu kulia mara moja moja, kina jina la kampuni ya Ulaya, kinataka uisajili kwao. Ukikifunga kinaondoka. Sikukitaja kwa sababu hakihusiani na ushuru. Muuzaji amesema kampuni ilifunga mradi, laptop wakagawiwa wafanyakazi. Na fundi wake ameshaiflashi. Naomba tusitoke nje ya mada.

Fundi_Makoroboi
Mada ndiyo hiyo sasa. Namba ya mashine imo kwenye orodha ya kampuni, na orodha ipo Apple, haipo ndani ya laptop. Flashi mara mia, siku ukiifuta na kuianza upya ikaonja intaneti, itamuuliza mwenyewe. Wa kuitoa kwenye orodha ni kampuni yenyewe. Wajanja huiandaa bila intaneti ndiyo maana leo inafunguka. Kabla hujalipa, aifute yote mbele yako, aiwashe upya ikiwa kwenye wifi.

Mzee_wa_Kemondo
Vijana mna haraka. Mimi kuna ndugu aliniletea laptop kutoka Dubai, kufungua, kibodi imejaa herufi za Kiarabu. Herufi zetu zipo pembeni, ndogo kama chawa. Wiki nzima natafuta alama ya nukta. Nikampelekea ustadhi mmoja wa madrasa, akaipenda mpaka akaongeza hela. Kwa hiyo si kila hasara ni hasara. Chaja yake nilibaki nayo, sijui kwa nini.

Ngosha_Mpole
Shikamoo mzee. Hiyo chaja bado ipo?

Mpiga_Makasia
Subirini kidogo. Mleta mada amesubiri kivuko Kigongo saa nzima, JUZI? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Kilometa 3 hivi, basi linapita hata karanga hujamaliza kumenya. Huyu kivuko alikipanda wapi? Wakuu, hii ni chai, na haina hata tangawizi.

Jirani_Kirumba
Nilijua tu. Mtu wa Mkolani asijue daraja? Huenda hata hiyo laptop haipo, anapima upepo aje kutuuzia.

Mama_Vitenge
Mwacheni ajieleze kwanza.

Kijana_wa_Mkolani
Laptop ipo. Kampala sijaenda. Aliyeiona ni shemeji yangu anayeishi huko, mimi nimeiona kwa video ya simu. Kivuko nilikiweka ili msiseme nanunua mbuzi kwenye gunia. Na laki saba nimeshatuma, ni advansi ya kamati ya harusi. Lakini shemeji si mtu wa hovyo, na mashine ina kasi ya ajabu, video ya dakika kumi inaisha hata chai haijapoa.

Mpiga_Makasia
Chai tena.

Fundi_Makoroboi
Basi mpigie shemeji usiku huu. Aiunganishe na wifi, aifute, akuonyeshe.

Ngosha_Mpole
Shemeji anaunganishwa na wifi, bado mavyaa tu ukoo utimie.

Mama_Vitenge
Hela ya kamati mwanangu? Bibi harusi anajua?

Kijana_wa_Mkolani
Nimerudi wakuu. Shemeji ameifuta. Imewaka, imeuliza wifi, ameweka, ikatulia kama dakika mbili hivi, kisha kioo kizima kikaandika jina la ile kampuni na sehemu ya nywila. Haina pa kurukia. Muuzaji yupo hapo hapo, anasema atashusha laki mbili, na fundi wake anarudi kesho asubuhi.

Sasa ikiwa ni milioni 1.6, zile kodi nyingine pale Mutukula zinakuja kama shilingi ngapi?