Mjadala: Koni na foleni ziondolewe kwenye mazoezi ya ushambuliaji ya vijana?

Mleta mada

Wadau wa kikapu, hoja yangu ni hii: timu za vijana wa miaka 12 hadi 16 ziachane na mazoezi ya kushambulia yasiyo na mlinzi. Foleni za leiapu (kutupa karibu na kikapu ukiwa mbioni), kuzunguka koni, msuko wa watu watatu (kupasiana huku mkikimbia na kupishana), vyote. Muda huo uende kwenye mchezo wa wachache, washambuliaji kwa walinzi: 1 kwa 1, 2 kwa 1, 3 kwa 3.

Tuanze na hesabu. Wachezaji 12, foleni moja, leiapu moja kila sekunde 5. Dakika 10 zinatoa leiapu 120, yaani 10 kwa kila mtu. Kila mmoja kafanya kazi sekunde 50. Dakika 9 na ushee kasimama anapiga soga. Wagawe hao hao kwenye vikapu viwili, 3 kwa 3 kila upande, hasimami mtu.

Muda wenyewe si tatizo kubwa. Kubadili mkono kwa mdundo wa mbele kuna maana pale mlinzi anapokaa upande wa mkono wenye mpira. Asipokaa hapo, unapita moja kwa moja. Koni haikai upande wowote, kwa hiyo kijana anabadili mkono kwa sababu kafika kwenye koni. Kwenye mechi anafanya vivyo hivyo: njia iko wazi kulia, yeye anakatiza kushoto na kumpelekea mlinzi mpira mkononi.

Kona Kushoto

Mkuu, hesabu yako inaonyesha kwamba foleni moja ya watu 12 ni uvivu wa kocha. Zoezi halina kosa. Weka watu watatu watatu, mipira minne, hoja ya sekunde 50 inakufa.

Halafu kuna mambo ambayo mlinzi hawezi kuyafundisha. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira namba 7 una kama 24. Mpira ukishuka kwa pembe ya digrii 45, uwazi unaouona ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa digrii 30, uwazi ni 22 na nusu, mdogo kuliko mpira wenyewe; hauwezi kuingia bila kugusa chuma. Kijana anayetupa bapa, mpira usipande juu, anahitaji kurekebishwa kiwiko na kiganja akiwa mita moja na nusu kutoka kwenye kikapu, mkono mmoja, bila presha. Apate 5 mfululizo ndipo arudi hatua moja. Mwekee mlinzi mapema, atatupa kwa haraka na bapa zaidi, kwa sababu kila akiuinua mpira unapigwa.

Na zoezi la Mikan, lile la chini ya kikapu, kulia kisha kushoto bila kupumzika? Sekunde 30, mpira haushuki chini ya kidevu. Kosa lake linaonekana waziwazi: anadaka ribaundi (mpira unaorudi kutoka kikapuni), anaushusha hadi kiunoni, ndipo anaupandisha. Kwenye mechi hapo kiunoni ndipo mikono ya walinzi wafupi inaposubiri. Hilo unalisahihisha akiwa peke yake, vurugu ikiwa haipo.

Pasi Kwanza

Naunga mkono hoja, lakini mleta mada kataja 3 kwa 3 kana kwamba inajiendesha. Haijiendeshi. Ukisema tu "chezeni", mwenye nguvu anadunda, wawili wanatazama.

Toleo linalofanya kazi ni 3 kwa 3 bila kudunda kabisa, nusu uwanja, sekunde 14 kwa kila shambulio. Bandika vipande vitano vya utepe sakafuni hatua moja nje ya mstari wa pointi tatu: kona mbili, winga mbili, kimoja juu katikati. Kona za chini ni finyu, mstari uko sentimita 90 tu kutoka pembeni, kwa hiyo hapo utepe ubandike katikati ya nafasi hiyo. Sheria ni mbili. Ukitoa pasi, kata kuelekea kikapuni mkono ukiwa tayari kupokea. Usipopewa, tokea kona iliyo tupu. Mwenzako akikata, aliye karibu na nafasi aliyoiacha anaijaza.

Kosa la kwanza utakaloliona ni kila mtu kuukimbilia mpira. Mwenye mpira anazongwa na wenzake wawili pamoja na walinzi wao, watu watano wakiwa ndani ya mita nne. Usisimamishe mchezo kuhutubia. Mpe mlinzi pointi moja kila washambuliaji wawili wanapokuwa karibu kiasi cha kugusana mikono. Watatawanyika wenyewe.

Kosa la pili ni gumu zaidi: kukata kwa mwendo mmoja. Mlinzi anayekutazama usoni hupitwi kwa kukimbia tu. Hatua mbili za polepole kuelekea anakotazama, kisha mguu wa nje unachimba na unapita nyuma ya kichwa chake. Akigeuza shingo kutafuta mpira, hiyo ndiyo saa yako. Kijana hawezi kuisoma shingo ya koni.

Wakizoea, ruhusu mdundo mmoja. Baadaye miwili. Zaidi ya hapo sioni sababu.

Meza ya Waamuzi

Naongeza jambo dogo ambalo pande zote mbili mmelipita. Tangu 2017 sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinamruhusu anayedaka mpira akiwa kwenye mwendo, au anayemaliza kudunda, kupiga hatua mbili, na hatua ya kwanza huhesabiwa mguu unapogusa sakafu baada ya kuumiliki mpira. Lakini anayeanza kudunda kutoka kusimama lazima mpira umtoke mkononi kabla ya kuinua mguu wa egemeo, ule aliousimika sakafuni. Vijana wanaofanya foleni za leiapu wanaijua sheria ya kwanza vizuri sana na ya pili hawaijui kabisa, kwa sababu kwenye foleni wanaanza wakikimbia. Kisha wanalalamika kwamba refa kawaonea.

Nusu Uwanja

Mimi napinga hoja kwa sababu ya skrini, yaani mchezaji kusimama njiani mwa mlinzi ili mwenzake apite. Huwezi kufundisha skrini na mgeuko (mweka skrini kugeuka na kwenda kikapuni) kwa kuanza na walinzi. Wawili bila mlinzi kwanza, dakika tano tu. Mweka skrini anasimama miguu ikiwa mipana kuliko mabega, mikono kifuani, anatulia. Mwenye mpira anasubiri hadi atulie, ndipo anapita bega likigusa nyonga ya mwenzake ili mlinzi asipate upenyo. Mweka skrini anageuka akifungua kifua kuelekea mpira.

Vijana wengi wanaukosea mgeuko: wanaupa mpira mgongo na pasi inawapiga kisogoni. Kosa jingine ni mwenye mpira kuondoka mapema; mweka skrini anamfuata, anamgonga mlinzi miguu ikitembea, faulo ya ushambuliaji. Ukianza na 2 kwa 2, makosa yote mawili yanatokea pamoja na hujui lipi limeharibu.

Baada ya hapo, sawa: 2 kwa 2, kisha 3 kwa 3 ili mlinzi wa tatu alazimike kuchagua kati ya anayegeuka na aliye kona.

Mleta mada

Nusu Uwanja, dakika tano sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni dakika arobaini za koni na foleni. Kona Kushoto naye, kutupa mkono mmoja karibu na kikapu ni kazi ya kijana mwenyewe kabla timu haijakusanyika. Uwanja wenye watu 12 na walinzi tayari usitumike kwa jambo ambalo mtu mmoja anaweza kulifanya na mpira wake.

Kona Kushoto

Anaweza, kama ana kikapu anakoishi. Wengi hawana. Kikapu pekee wanachokifikia ni cha mazoezini, na wewe unataka kuwanyima.

Pasi Kwanza

Hapo Kona Kushoto ana hoja nzito. Kila kikapu kiwe na dakika 15 za mwanzo za watu wawili wawili, mmoja anatupa, mwingine anadaka ribaundi na kurudisha pasi.

Ila msuko hauna wa kuutetea. Kudunda hakuna, kusoma hakuna, na mchezaji anazoea kukimbia nyuma ya yule aliyepokea pasi yake, jambo ambalo kwenye shambulio la kasi linaziba njia. Uugeuze: watatu wanashambulia wawili. Shambulio likiisha, aliyetupa au aliyepoteza mpira anakimbia kurudi peke yake, na wale walinzi wawili wanamshambulia 2 kwa 1 hadi kikapu cha upande wa pili. Wawili waliobaki wanakuwa walinzi wapya. Kwenye 2 kwa 1, mwenye mpira asitoe pasi kabla mlinzi hajamgeukia kwa kifua. Akiitoa mapema, mlinzi hajachagua bado na anawahi kote kuwili.