Ushauri: hospitali Illinois imeweka lieni (haki ya kukatiwa deni lake moja kwa moja) kwenye hela ya ajali ya mdogo wangu, je atabaki na kitu?

mtoto_wa_kigoma:
Wakuu habari za humu, naomba msaada kwa wanaojua sheria za Illinois. Mdogo wangu yupo Rockford, aligongwa na gari akivuka barabara, mguu ukavunjika wamemwekea vyuma, na bima ya afya hakuwa nayo maana kazi ndo alikuwa ameanza. Sasa bima ya aliyemgonga imekubali kutoa dola 25,000, wanasema ndo mwisho wa bima ya yule jamaa. Hospitali inadai 38,000 na imetuma barua ya rejista kwamba ina lieni, daktari wa mifupa naye kaleta ya kwake 9,000, wa fizio 4,000. Wakili anamwambia asaini wiki hii. Dogo bado anatembelea magongo, kodi imelala miezi, mama huku anapiga simu kila siku kuuliza kama kweli mwanae atapata chochote. Hospitali inaweza kubeba zote?

mzee_moline:
Pole sana kwa dogo. Haiwezi. Illinois ina sheria ya lieni za huduma za afya ya mwaka 2003, lieni zote zikijumlishwa hazivuki asilimia 40 ya hela ya kesi. Na zikifika hapo 40 basi zinagawanywa, hospitali na ambulensi asilimia 20, madaktari na watu wa fizio asilimia 20, na wakili naye anashushwa hadi asilimia 30. Kwa hiyo kwenye 25,000 hospitali inachukua 5,000, daktari na fizio wanagawana 5,000, wakili 7,500, dogo 7,500 ukitoa gharama za kesi. Mwangalie wakili asichukue theluthi yake kama kawaida, hapo hairuhusiwi.

Neema_Chi:
Hiyo 40 inapigwa kabla au baada ya kutoa hela ya wakili?

mzee_moline:
Kabla. Mahakama Kuu ya Illinois ililimaliza hilo 2015, inapigwa kwenye hela nzima.

dada_karani:
Naongezea kitu ambacho watu wengi hawaambiwi na kinaniuma sana. Hiyo asilimia 40 inazuia lieni tu, DENI haliifuti. Sheria hiyohiyo inasema hospitali bado ina haki ya kudai bili yake kwa njia nyingine, maana yake ikishachukua 5,000 inaweza kumgeukia dogo kwa zile 33,000 zilizobaki, zinapelekwa kwa wakusanya madeni kabla hata hajapona. Nafanya kazi ya bili, nimeona watu wakisherehekea cheki halafu miezi michache wanapokea barua. Asisaini mpaka wakili apate kutoka kwa hospitali, kwa daktari na kwa fizio barua kwamba wanachopokea ni malipo kamili na ya mwisho na hawatamdai tena. Simu haitoshi, iwe maandishi. Hospitali nyingi zinakubali wakijua mtu hana kitu kingine cha kuchukua.

Pia aombe msaada wa bili hospitalini leoleo. Illinois ina sheria inayolazimisha hospitali kupunguza au kufuta bili za wasio na bima wenye kipato kidogo, ila kuna muda wa kuomba hivyo asikae. Apeleke karatasi za mshahara.

Neema_Chi:
Na aangalie hizo barua za lieni, lazima ziwe na jina na anwani yake, tarehe ya ajali, jina na anwani ya anayedai na jina la anayedaiwa kumgonga, na zifike kwake NA kwa aliyemgonga, kwa rejista au mkononi. Ikikosekana, wakili ana pa kubanana nao. Wasipokubaliana anaweza kuomba mahakama ya mzunguko (circuit court, ndo zinaposikilizwa kesi za kawaida huko) iamue kila mmoja apate ngapi. Ajali ilikuwa lini?

mtoto_wa_kigoma:
Machi mwaka huu. Ya hospitali imefika sehemu zote mbili, ya fizio aliletewa yeye tu kwa barua ya kawaida. Mbarikiwe sana, haya ya deni kubaki wakili hakumtajia kabisa.

mzee_moline:
Basi muda upo, kufungua kesi ni miaka 2 tangu ajali, hakuna cha kumkimbiza wiki hii. Hiyo ya fizio amwonyeshe wakili kesho, na amuulize waziwazi: zile 33,000 nani atazilipa? Akijibu kwa mdomo tu, dogo asiguse kalamu.

dada_karani:
Akipata shida kwenye fomu za hospitali aniandikie inbox, nitamjazia naye kwenye simu.